Mlango wa Kumi wa Shemeji

Enzi zetu kitabu cha picha kilikuwa kimoja kwa ploti nzima ya wapangaji. Nasema na wenzangu tuliokulia Kangemi, tuliojua kupanga foleni ya maji kabla ya kujua kuandika majina yetu, tuliocheza kati na bano na kalongolongo mpaka mama atoke mlangoni na kukuita jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, ukajua leo mambo yameharibika.

Juzi wazazi wa darasa la mwanangu waliulizana kwenye kikundi chetu cha simu: ni vitabu gani vya picha vizuri vya kuwasomea watoto wadogo? Jamani, orodha zilizomiminika! Huyu anasifu karatasi isiyochanika, yule anasifu kitabu kinacholia kama ng'ombe ukikibonyeza. Mzazi mmoja alisema wa kwake husomewa na kompyuta, yeye akiwa kwenye mkutano. Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Ningewaambia nini? Kitabu nilichokipenda kuliko vyote sikijui hata jina, maana kilikuja bila jalada. Na hadithi niliyoipenda haikuwa imeandikwa ndani yake.

Baba alikuwa fundi wa rangi. Kazi nyingi alizipata Westlands, kwenye nyumba za familia za Kihindi zilizokuwa zikipakwa upya kabla ya Diwali. Mwaka mmoja mama mwenye nyumba, ambaye watoto wake walikuwa wamekua, alimpa katoni zima la vitabu. Baba alilibeba kichwani, akapanda Waiyaki Way kwa miguu, na mvua ikampata njiani. Alipofika kwetu katoni lilikuwa limekuwa uji. Kilichopona kilikuwa kimoja tu, kile cha katikati.

Ndani yake kulikuwa na mnyama mnene wa kahawia aliyevaa gambuti nyekundu. Ukurasa wa kwanza alisimama mbele ya mlango mmoja, wa pili mbele ya milango miwili, na kuendelea hivyo mpaka milango kumi. Leo najua alikuwa dubu. Baba hakuwahi kuona dubu wala kusikia habari zake. Alimtazama yule mnyama kwa makini, akageuza kitabu huku na huku, akasema, "Huyu ni Shemeji."

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Kaka yake alikuwa amekuja kututembelea wiki mbili, akitafuta kazi, na akakaa miezi minane.

Basi Jumapili baada ya kanisa baba aliketi kwenye benchi nje ya mlango wetu, bado amevaa shati lake jeupe, na watoto wa ploti wakajaa miguuni pake. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya chapati. Baba alifungua kitabu, akaweka kidole chini ya maneno, kidole chenye rangi ya krimu kwenye ukucha isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, akaanza kusoma. Shemeji ameshuka kutoka basi la Kakamega. Amebeba kuku na ndizi. Karatasi iliyoandikwa nyumba ya dada yake imeloa, haisomeki tena. Afanyeje? Abishe hodi mlango kwa mlango.

Na kila mlango ulikuwa na mambo yake. Nyuma ya wa tatu aliishi mwanamke aliyedhani Shemeji amekuja kudai kodi, akazima redio na kukaa kimya na watoto wake wote. Nyuma ya wa tano kulikuwa na askari aliyeogopa kuku. Baba alisimama pia kukagua ufundi: "Huu mlango umepakwa haraka, mbao haikusuguliwa. Mwenye nyumba ameibiwa." Kisha akarudisha kidole chini ya maneno, akaendelea.

Nakumbuka nilimuuliza siku moja, "Baba, maneno mawili yanasema hayo yote?"

"Kizungu ni kama maziwa ya unga," alinijibu. "Unaweka kijiko kimoja, kinajaza sufuria."

Tuliamini. Nani angekataa? Ukurasa mmoja ulichukua Jumapili nzima, mwingine mbili. Siku za shule tulibishana kwenye foleni ya maji nani atafungua mlango unaofuata. Tulipofika ukurasa wa mwisho, wenye milango kumi, baba alitusomea tisa, akafunga kitabu. Wa kumi, alisema, ndio mlango wenyewe, na tutaufungua Jumapili ijayo. Jumapili ijayo ilipofika akaanza tena na kuku, na ndizi, na basi. Alituchezea hivyo karibu mwezi mzima. Woi, tulivyoteseka!

Sasa, mwaka huo mimi nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa nimeanza kujua kusoma Kiingereza. Mwalimu wetu aliniinua mbele ya darasa, akaniambia nisome ukurasa mzima, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Nikachukua kitabu kutoka juu ya kabati, nikakisoma chote peke yangu, na kikaisha kabla mama hajamaliza kuchagua mchele.

Ningenyamaza tu. Mpaka leo najiuliza ningepungukiwa nini.

Jumapili hiyo watu walikuwa wengi. Mama Kevo wa chumba cha mwisho alikuwepo, na fundi mwenzake baba, na wanaume wawili wa kanisani waliokuja kwa chapati. Baba alikuwa na furaha. Alimfikisha Shemeji mbele ya mlango wa kumi, amechoka, kuku amekonda, gambuti zimejaa maji. Akainua mkono wake hewani kugonga. Watoto tukasogea mbele.

"Baba, hakuna Shemeji hapo," nikasema.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Hii kitabu ni ya kuhesabu! Imeandikwa tu 'Milango kumi.' Pale mbele ni 'Mlango mmoja.' Zote ni kuhesabu. Hayo mengine ni uongo."

Mmoja wa wanaume wa kanisani alicheka kwanza. Kisha Mama Kevo akapiga makofi yake makubwa: "Kumbe fundi hajui kusoma! Ametupeleka mbio miezi hii yote!" Na watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Hakuna aliyekuwa na ubaya, nadhani. Ilikuwa Jumapili na watu walikuwa wameshiba.

Baba naye alicheka. Akautazama ule ukurasa kidogo, akanipa kitabu. "Basi tusomee," akasema.

Nikasoma. Mungu anisamehe, nilisoma kwa sauti ya mbele ya darasa, mlango mmoja, milango miwili, hadi kumi, nikimaliza kila mstari kwa madaha. Nilitarajia makofi. Nilipoinua macho nusu ya watoto walikuwa wamekwenda kucheza bano. Mama alisimama mlangoni na mwiko wa chapati mkononi.

"Sasa umefurahi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimefurahi, ndiyo aibu yangu. Ilinichukua Jumapili mbili kuelewa. Ya kwanza baba alisema ana brashi za kuosha. Ya pili pia alikuwa na brashi za kuosha. Benchi ilibaki pale na watu walianikia viatu juu yake. Baba hakunikaripia hata siku moja. Ripoti ya shule ilipofika aliishika, akasema "Vizuri sana, mama," kama wababa wa kwetu wanavyowaita mabinti zao, akampa mama asome. Kitabu chenyewe sijui kilikwenda wapi.

Mwezi uliopita baba alikuja kutoka nyumbani kijijini kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa kwangu Mountain View. Naishi ng'ambo tu ya pale nilipozaliwa, ingawa hapa tuna lango na mlinzi na majirani wasiojuana majina. Mwanangu Ethan ana miaka mitano. Enzi zetu darasa zima lilikuwa la kina Wanjala na Nekesa. Siku hizi ukiita Ethan kwenye lango la shule wanageuka sita. Na wana kazi, watoto hawa! Kila siku lazima asomewe dakika ishirini, nami nitie sahihi kwenye daftari kuthibitisha kwamba mtoto amefurahi.

Siku ya pili Ethan alimpelekea babu yake kitabu. "Kuka, nisomee," akasema, maana kwetu babu na mjukuu huitana hivyo.

Baba alipapasa mifuko ya koti. "Ai, miwani nimeisahau nyumbani, kuka wangu. Mpelekee mama yako."

Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani mwake kwa kamba.

Nikamketisha Ethan, nikakiweka kitabu chake kando, nikamwanzia ya Shemeji. Nilikumbuka basi na kuku. Nilikumbuka mwanamke wa mlango wa tatu na askari wa mlango wa tano, na hata fundi aliyeharibu mbao. Mengine yalikuwa yamenitoka kabisa, nikayaruka. Nilimfikisha Shemeji mlango wa kumi, na Ethan akasimama juu ya kiti.

"Then? Nani alifungua?"

Nilimgeukia baba. Nilijiona kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, maana tangu siku ile sikuwahi kumtajia jambo hili.

"Baba, nani alifungua ule mlango wa kumi?"

Alitabasamu. Nilijua papo hapo kwamba anakumbuka kila kitu.

"Si kilikuwa kitabu cha kuhesabu, mama?" akasema. "Wewe ndiye ulitusomea."

"Baba, nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Ya nini? Ulikuwa mtoto, na uliyosema ni kweli." Akanipigapiga mkono. "Lakini hiyo ya mwisho sikuwa nimeitunga. Nilikuwa naitafuta bado. Ndiyo maana nilikuwa nawazungusha."

Ethan akasubiri, akaona hakuna kitu kinachokuja, akashuka kwenye kiti. Baba alisogeza kiti chake karibu, akafunika magoti kwa leso yangu.

"Haya, tusomee hicho cha mtoto," akasema. "Nasikiliza."

Nikasoma. Nilitamka kila neno kama lilivyoandikwa, nikageuza kila ukurasa, nikatia sahihi kwenye daftari. Sisi kitabu kimoja kilitutosha msimu mzima na bado tulibaki na deni la mlango mmoja. Hiki cha mwanangu kiliisha chai ikiwa bado ya moto, na hakuna aliyeuliza swali.