Kidege wa Njia ya Siafu

Harufu ya mtama unaokomaa, ukiwa bado na umande, hainitoki puani mpaka leo. Kwangu mimi ni harufu ya upweke. Enzi hizo za Mwingereza, mama alikuwa ameolewa tena Lindi mjini, akaniacha kwa bibi kule juu Rondo. Bibi alishinda bondeni kwenye mihogo yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuamia, yaani kukaa peke yangu juu ya dungu kutwa nzima, nikipiga debe ili ndege wasimalize mtama. Ndege wote walikuwa adui zangu isipokuwa mmoja. Huyo alipiga mluzi mwembamba kutoka msituni, wala hakuonekana. Siku moja nikamjibu, naye akajibu. Jamani, nilikuwa nimepata mtu!

Bibi aliposikia habari hizo alishika kichwa. "Wee mke mwenzangu, kisichoonekana hakiitikiwi! Watu husema msitu ule una mashetani, na lisemwalo lipo. Kesho utabaki nyumbani." Nyumbani hapakuwa na mtu wala mluzi. Nikalia, nikaapa kwamba ni ndege. "Haya, nionyeshe," akasema.

Kila nilipoufuata mluzi, ulihama. Mwishowe nikagundua kwamba husikika pale siafu wanapopita, maana wadudu hukurupuka mbele yao. Nikamvuta bibi mkono, tukachuchumaa kando ya msafara wa siafu, wakitung'ata miguu naye akinong'ona matusi. Ndipo akatua chini kabisa, kidege mdogo kuliko ngumi yangu, mgongo rangi ya majani makavu, kifua cha njano kama bizari. Akameza mdudu, koo likatuna, na mluzi wangu ukatoka.

"Kumbe ni haka kadege!" Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Siku ile tulishinda sote juu ya dungu, tukitafuna mihogo, akinisimulia utoto wake. Nikadhani ndivyo itakavyokuwa siku zote.

Kesho yake akanikabidhi debe. "Nenda, si ndege tu?" Akashika njia ya bondeni, na kwenye dungu hakupanda tena.

Sasa mimi ndiye bibi, naishi Lindi mjini, na redio za majirani hazizimwi. Mwanangu hunipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mama, hujambo?" Namwambia marahaba, sijambo, naye hushusha pumzi na kukata. Juzi nilitaka kumwambia nasikia mluzi wa kitu nisichokiona. Najua angekuja siku hiyohiyo, na kesho yake, kama bibi, angeshika njia. Nikamwambia sijambo.