Uwele Usio na Ndevu

Mimi si mtu wa kuogopa watu. Ofisini wananiita mkali na sijawahi kukanusha. Lakini kuna msimu mmoja wa mvua nilioishi kwa hofu ya bibi mmoja mwembamba wa Mpwapwa, mama mzazi wa mume wangu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Sikumwogopa kwa alichonifanyia. Nilimwogopa kwa nilichomfanyia mimi.

Yote yalianzia kwenye simu. Tulipohamishiwa Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam, tulipanga nyumba Nkuhungu na kubeba kila tulichokuwa nacho: maboksi ya televisheni zilizokwisha kufa, mapazia ya madirisha ya nyumba nyingine, seti mbili za vyombo vya wageni ambavyo mgeni hajawahi kulia. Stoo ilijaa hadi mlango ukawa unafungwa kwa bega. Basi nikaanza kuangalia video za kina mama wanaoishi na vitu vichache, kuta nyeupe, kochi moja, chombo kimoja cha maua. Walikuwa na kanuni yao: kitu ambacho hujakigusa miezi sita, kitoe. Nikaishika kanuni ile kama mtu aliyeokoka juzi, na kama walokole wapya wote, nikapitiliza.

Nilichagua Jumamosi moja ya joto lile la kabla ya mvua, mume wangu akiwa safari ya kikazi. Nilitoa, nikagawa, nikatupa. Juu kabisa ya rafu nikakuta kibuyu cheusi kwa moshi, mdomo umezibwa kwa kitu kigumu kama udongo mkavu. Nikakibandua kwa kisu. Ndani mlikuwa na majivu yaliyochanganyika na punje ndogo za kijivu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwetu majivu ni ya kusugulia masufuria. Nikajua ni nafaka iliyoharibika, nikaimwaga uani kwa kuku wa jirani, nao wakala mpaka punje ya mwisho. Kibuyu chenyewe nilikipenda. Nikakisugua kwa brashi na sabuni, nikakiweka sebuleni peke yake juu ya meza, nikakipiga picha. Nilijiona mstaarabu kwelikweli.

Jumanne akapiga simu mama mkwe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mawingu yameanza kukaa huku. Nakuja Jumamosi kuchukua mbegu.”

“Mbegu gani, mama?”

“Ya uwele. Ile ya kwenye kibuyu.”

Nikakaa sakafuni, maana viti nilikuwa nimevigawa. Hapo ndipo kumbukumbu iliporudi, nzima, bila kukosa neno. Baada ya mavuno yaliyopita, watoto wake walikuwa wamembomolea tembe lake la udongo wakamjengea nyumba ya bati. Nyumba ya bati haina dari juu ya moto, mahali ambapo mbegu hukaa kwenye moshi wadudu wasiisogelee. Ndiyo maana akampa mume wangu kibuyu, kikiwa tayari kimefukizwa na kuzibwa, aje kukihifadhi kwetu. Mume wangu aliniambia, “Hiki kitunze, ni mbegu ya mama.” Nami nikajibu sawa, bila kuinua macho kwenye simu.

Nilijua pia mbegu ile ilikuwa ni nini. Alikwishanisimulia. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na kila mavuno tangu hapo alichagua masuke mwenyewe, moja moja, yale yenye ndevu ndefu ngumu. Ndege aina ya kweleakwelea wakitua juu ya suke la namna hiyo huchomwa machoni na kuhamia shamba la jirani. Kwa mjane anayelima peke yake, hizo ndevu ndizo mlinzi wake. Hana pensheni, hana duka. Akivuna anakula, asipovuna anasubiri tumkumbuke, na yeye kusubiri kukumbukwa hakupendi.

Mtu mzima mwenye akili angempigia simu palepale akasema ukweli. Mimi nilikwenda sokoni. Nikanunua uwele, nikauchanganya na majivu. Nikakifukiza kibuyu juu ya jiko la mkaa kwa majani mabichi mpaka kikawa cheusi tena na macho yangu mekundu. Kilichobaki ni kizibo, na kizibo, nilikuja kujua, kilikuwa mavi ya ng’ombe. Ofisa mzima wa serikali, nikiwa na gauni la ofisini, nikatoka kufuata nyayo za mifugo pembeni mwa mtaa na mfuko wa plastiki mkononi. Mtu mmoja akanisalimia, nikamjibu kana kwamba nimeangusha funguo.

Jumamosi alifika. Alikitikisa kibuyu sikioni, akakinusa. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Njia ya mwongo ni fupi, nikawaza, na yangu inaishia hapa sebuleni. Lakini alikifunga tu kwenye kitenge, akatazama chumba kisicho na kitu, akasema, “Nyumba imepumua.” Kisha akaomba maji ya kunywa.

Dodoma mvua ikinyesha watu hufurahi. Mwaka ule kila ilipopiga bati mimi nilijifunika shuka kichwani. Nilijifariji kwamba labda uwele wa sokoni nao una ndevu, punje haisemi. Yeye alipiga simu kila wiki. Imeota. Imefika magotini. Nikawa naacha simu iite mpaka ikate, halafu nashindwa kula mpaka nimempigia. Mume wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni kazi, na uongo huo nao nikaanza kuuogopa. Nyumba ilikuwa tupu kama kwenye zile video, wageni wakaisifu, nami sikuwa na kona hata moja ya kutazama nikasahau.

Masuke yalipoanza kutoka, simu zake zikakoma. Wiki moja, mbili. Mume wangu akimpigia, anaongea maneno mawili na kukata. “Mama ananificha kitu,” akasema. Hakuweza kuondoka kazini, nami nikasema nitakwenda. Kwenye basi la Mpwapwa nilipanga maneno ya kujitetea, na pale mjini nikapanda bodaboda mpaka kijijini kwake, kwenye tambarare kabla barabara haijaanza kupanda milima ya Kibakwe, nikiwa bado sijapata hata neno moja la maana.

Nilimkuta shambani. Masuke yalikuwa laini, bila unywele, mengi yameliwa upande mmoja mpaka kwenye gunzi. Mashamba ya jirani yalikuwa na watu wakipiga kelele na kurusha mawe. Yeye alikuwa peke yake na debe na kijiti, sauti imekauka. Sikuwahi kumwona amekonda vile.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa hapa.” Alinisogelea. “Nataka nikuambie kitu. Mume wako usimwambie.”

Nikajua amejua. Kwa kweli nilitamani aniseme upesi yaishe.

“Uwele huu si wa mama yangu,” akasema. “Nilichagua vibaya mwaka jana. Nakaa nawaza, niliyachagua lini masuke haya yasiyo na ndevu? Sikumbuki. Mikono yangu iliyachagua, na mimi sikumbuki.” Akaangalia debe. “Mama yangu alianza hivihivi. Alianza kwa kukosea mbegu. Mwisho akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Sasa sokoni siendi tena peke yangu, naogopa nitapotea njia. Simu sipokei vizuri, naogopa mwanangu atasikia ninavyoongea atajua. Usiku silali.”

Nitasema kilichonipata, ingawa ni aibu kukiandika. Kwa muda wa pumzi mbili tatu, nilifurahi. Kosa langu lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe amelikubali. Ilitosha nimshike bega nimwambie pole, mama, uzee huo, nipande bodaboda nirudi Nkuhungu, na hakuna ambaye angejua mpaka kaburini. Kisha nikaona vidole vyake. Alikuwa anavihesabu pajani, kimya, midomo ikitaja majina ya watoto wake mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha bado anao wote.

Nikapiga magoti kwenye udongo. “Mama, si wewe. Ni mimi.”

Nikamwambia. Jinsi nilivyoimwaga, kuku walivyoila, nilivyonunua nyingine na kuificha kwenye majivu, jinsi nilivyomtazama akiinusa nikanyamaza. Niliongea nikiangalia miguu yake. Ndege wakatua kundi zima mbele yetu, naye hakuligusa debe.

Nilingoja anifukuze.

“Kwa hiyo nilichagua sawasawa,” akasema.

“Sawasawa, mama.”

“Yenye ndevu tupu.”

“Ndiyo, mama. Mbegu yako ilikuwa nzima.”

Aliniinua uso kwa mkono wake mkavu, akanikazia macho, na yake yalikuwa yamejaa machozi. Kuhusu mbegu ya mama yake iliyokwisha hakusema neno, na kwamba amenisamehe hajaniambia mpaka leo.

“Rudia,” akasema. “Toka mwanzo, polepole.”

Nikarudia, naye akasikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kila baada ya maneno machache, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali aliyokuwa ameogopa kuyafuata.