Vidole Vitatu vya Malachy Hehir

Malachy Hehir alipoteza kiti chake Jumapili ya pili ya Oktoba, na hakuna aliyemvuta shati. Alikwenda chooni tu.

Kiti chenyewe kilikuwa cha ngozi iliyochanika, karibu na jiko, mkono wa kushoto wa Attracta Talty mpiga fidla. Kwa miaka ishirini na tisa, kila Jumapili saa tisa mchana, watu wakishatoka misa na kumaliza viazi vyao, wapigaji wa kijiji cha Kilbrack walikaa duara pale baa ya Hanrahan, na Malachy alikaa hapo na gitaa lake. Siku zilizobaki alikuwa dereva wa lori la maziwa, anazunguka mashamba ya upande ule wa jimbo la Clare kufyonza matangi ya watu. Dereva wa maziwa nani anamwona? Wanamwona akichelewa. Lakini Jumapili alikuwa Malachy wa gitaa. Na Attracta, ambaye alikuwa na miaka sabini na tisa na hakuwahi kujifunza kuendesha gari, Malachy ndiye aliyempitia nyumbani kwake kilimani saa nane na nusu, na kumrudisha saa kumi na mbili. Jumapili zote hizo. Mvua, barafu, na ile siku aliyokuwa na homa.

Sasa mambo ya gitaa kule yana sheria moja. Fidla ziwe tisa, filimbi ziwe saba, hakuna atakayenuna. Gitaa ni moja. Wimbo wanaupiga wale wengine, gitaa linakaa chini yao kushika sauti na kutia mwendo. Yakiwa mawili yanagombana kama mawifi jikoni. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na kwa sababu haijaandikwa hakuna wa kuifuta.

Basi Jumapili hiyo akaja Ailbhe, mjukuu wa dada yake Attracta, nesi, karudi kutoka mji wa Limerick na mume na watoto wawili. Alikuja na gitaa. Hakulitoa kwenye mfuko. Alikaa kaunta na kikombe chake cha chai, kimya, kama anavyotakiwa mgeni mwenye gitaa. Adabu anayo, huyo hasemwi. Malachy akainuka kwenda chooni, na alipotoka, mikono bado mibichi, akamkuta Ailbhe kwenye kile kiti.

Kumbe Attracta alimwambia, "Litoe hilo gitaa, mwanangu. Halikuja hapa kutazama mpira."

Na walikuwa wakipiga "Bata wa Mjane," ule wimbo ambao Attracta anaupenda kuliko alivyompenda marehemu mumewe, na hilo alilisema mwenyewe, tena mazishini. Malachy akasimama na mikono yake mibichi akatazama. Kwenye kipande cha pili, pale wimbo unapoinama kwenda chini, Ailbhe alibana nyuzi kwa vidole viwili. Malachy hapo siku zote aliweka vitatu. Akamtazama Attracta. Attracta alikuwa amefumba macho. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akifumba macho hapo. Alidhani ndivyo alivyo, mtu wa kupiga fidla na macho makavu.

"Samahani Malachy," Ailbhe akaanza kuinuka. "Njoo ukae, ni kiti chako."

"Kaa wewe," Attracta akasema bila kufumbua. "Malachy ana miguu."

Ndani ya gari, wakati wa kumrudisha, wakafika kwenye daraja.

"Mtoto anapiga vizuri," Attracta akasema.

"Anapiga."

"Gitaa ni kitu cha kuanzia, Malachy. Wewe umeanza ukakaa hapo hapo."

"Tunaweza kupokezana. Wiki yangu, wiki yake."

"Kupokezana! Kwani ni zamu ya kufagia kanisa? Sikiliza. Ukitaka kukaa kwenye duara, njoo na chombo cha kupiga wimbo. Hutaki, kaa kaunta na watalii ukapige makofi."

Akashuka na fidla yake, akabamiza mlango. Malachy akabaki ndani ya gari na injini inaunguruma. Miaka hamsini na saba, hana mke, hana mtoto, ana lori la kampuni na dada. Na duara. Sasa duara limekwenda.

Dada yake, Concepta, alimzidi miaka miwili. Walikaa pamoja kwenye nyumba ya wazazi wao, yeye kastaafu kazi ya kupika shuleni, ambako watoto walimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Alipomwona mdogo wake anaingia na uso ule akamwekea sahani mbele.

"Nani kafa?"

Malachy akamwambia.

"Hee! Kwa hiyo umepinduliwa ukiwa chooni, kama rais."

"Usinicheke, Concepta."

"Sicheki. Kula."

Basi ikaanza kazi ya kuchagua. Malachy alianza na ile ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi, kwa kuwa kila asiyejua kitu huanza na ngoma. Concepta akamwambia ikiingia ndani ya nyumba yeye na mbuzi wake watalala kwenye lori. Akajaribu filimbi ya bati. Meno ya juu ya Malachy ni ya kuvaa, na kila alipopuliza kwa nguvu meno nayo yalipiga filimbi yao, sauti mbili kwa mtu mmoja, mbwa wa jirani wakaitikia. Filimbi ikarudi dukani.

Ndipo akafanya kosa ambalo hufanya kila mpiga gitaa. Akaazima mandolini. Akadhani nyuzi ni nyuzi. Kumbe mandolini inakazwa kama fidla, hailingani na gitaa hata kidogo, na vidole vya Malachy havikukubali kuambiwa. Kila alipotafuta sauti vilikimbilia pale vilipozoea, kama ng'ombe anayerudi kwenye zizi lililobomolewa. Wiki tatu nyumba ililia kama vifuniko vya sufuria. Na kila Jumapili aliendelea kumpitia Attracta, kumshusha baa, kukaa kaunta na watalii, kumrudisha. Attracta hakumuuliza hata mara moja mandolini inaendaje.

Siku moja Concepta akazima jiko, akajifuta mikono, akaketi mbele yake.

"Weka chini hicho kitu. Niimbie wimbo mmoja."

"Wimbo gani?"

"Wowote. 'Bata wa Mjane.' Umeupiga Jumapili ngapi wewe?"

Malachy akafungua mdomo. Kikatoka, "Jing-jaka, jing-jaka, jing..." Akanyamaza. Akajaribu tena. Jing-jaka. Akatafuta wimbo wenyewe kichwani, ule wa juu, ule wa fidla, akaona ni kama kutafuta sura ya mtu uliyekaa miaka mingi nyuma ya mgongo wake.

"Siujui," akasema.

"Huujui," Concepta akasema. "Huujui huo wala mwingine. Umekaa chini ya nyimbo miaka yote kama mtu aliyekaa chini ya meza ya arusi. Unajua viatu tu."

Akainuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na kitu kimeviringishwa kwenye sweta kuukuu. Konsatina. Kile kikodiani kidogo cha pembe sita ambacho kule Clare wanawake walikiweka jikoni karibu na chumvi. Malachy alikuwa amekisahau kabisa. Concepta alikuwa akikipiga pale pale kwa Hanrahan, zamani, kisha akaacha. Kwa nini aliacha, Malachy hakuwahi kuuliza. Wanaume wa nyumba ile hawaulizi.

"Kanawe mikono," Concepta akasema. "Hutanishikia na maziwa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya majira yote ya baridi. Kila jioni baada ya chai, mikono kwanza. Ikawa kazi ngumu kuliko lori. Kitufe kimoja cha konsatina kina sauti mbili, ukisukuma hii, ukivuta ile, na ncha za vidole vya kushoto vya Malachy zilikuwa zimeota sugu za gitaa hata hazikuhisi kitufe kiko wapi. Na tabia ni tabia. Kila aliposhtuka alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja.

"Kimoja!" Concepta anampiga kitambaa cha vyombo begani. "Kimoja, Malachy! Unapiga wimbo au unakanda unga?"

"Nimezoea..."

"Najua ulichozoea."

Hakumfundisha kwa upole na hakumsifu. Alimpa sauti mbili kwa jioni moja, kesho yake alimdai hizo mbili kabla ya kumpa nyingine. Malachy alizibeba kwenye lori, akizivumia kati ya shamba na shamba, mpaka wafugaji wakamuuliza kama anaumwa tumbo. Kufika katikati ya Februari alikuwa na kipande cha kwanza chote cha "Bata wa Mjane." Wiki mbili baadaye wakaingia cha pili, pale unapoinama.

Akaupiga polepole. Ukashuka, ukashuka tena, ukatua kwenye sauti moja ya huzuni, nzito. Malachy akairudia. Halafu akaiweka konsatina mezani, akaenda kuchukua gitaa lake nyuma ya mlango. Akaweka vidole vitatu pale alipoviweka siku zote, akapiga. Sauti ya furaha. Ya arusi kabisa. Akaivumia ile ya konsatina juu yake. Zikagongana. Akatoa kidole kimoja, akasogeza viwili kama alivyomwona Ailbhe. Zikakaa.

Akarudia mara nne, maana hakutaka iwe kweli.

"Concepta."

"Nini."

"Nimekuwa nikikosea hapa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe ulijua?"

Concepta alikuwa akimenya karoti, na hakuacha. "Nilivumilia mwaka mmoja. Kila Jumapili nafika hapo natamani kukurushia kiatu. Kisha nikaiviringisha konsatina kwenye sweta nikakaa nyumbani."

"Kwa ajili ya kidole kimoja?"

"Kwa ajili ya kidole kimoja kila Jumapili."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza mbona nimeacha?"

Malachy akalirudisha gitaa nyuma ya mlango. Alikwenda kulala na hasira, akaamka nayo, akakusanya maziwa ya watu nayo. Hakumsamehe dada yake, na dada yake hakuomba. Ila jioni alinawa mikono, kwa sababu kipande cha pili kilikuwa bado hakijaisha na mwalimu mwingine hakuwepo.

Jumapili ya mwisho ya Machi akamshusha Attracta kama kawaida, kisha akaingia na lile sweta kwapani. Viti vyote vilikuwa na watu. Ailbhe akataka tena kumpisha, Malachy akakataa kwa kichwa. Akavuta kigoda kilichokuwa mlangoni pa choo, akaketi, sweta magotini, akangoja saa mbili na nusu nzima bila kupiga kitu, maana wimbo wake ulikuwa mmoja.

Ulipofika, Attracta hakumpunguzia mwendo. Aliuona ule mfuko wa pembe sita ukifunguka, akakaza zaidi, mzee yule. Malachy akapata sauti tatu katika tano, nyingine zikampita. Raundi ya pili akapata nne. Kwenye kipande cha pili, pale pa kuinama, alizipata zote, na chini yake gitaa la Ailbhe likiwa na vidole viwili. Vidole vyake mwenyewe kimoja kimoja. Hakubonyeza vitatu hata mara moja.

Wakamaliza. Attracta akaweka fidla magotini.

"Nani kakufundisha?"

"Concepta."

"Nilijua. Hiyo ni mikono ya Concepta." Akatafuta chai yake. "Unavuta pale pa kusukuma, lakini umeujua wimbo. Jumapili ijayo njoo na mwingine. Na hicho kigoda mkisogeze ndani, watu wanataka kupita."

Watu wakasogea. Duara likapanuka kwa upana wa kigoda. Angeishia hapo mambo yangekuwa yamekwisha, lakini Malachy alikuwa amekaa na swali lake mwezi mzima.

"Attracta. Pale pa kuinama. Miaka ishirini na tisa nimeweka vidole vitatu."

"Ndiyo."

"Ulisikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Kwa nini hukusema?"

Attracta akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inaloanisha.

"Ulikuwa na gari, Malachy."

Baa nzima ikacheka. Hata wale watalii wakacheka, na hawakujua wanacheka nini. Ailbhe peke yake akatazama chini, akajifanya anakaza uzi. Malachy hakucheka. Aliifunga konsatina, akaiviringisha vizuri, mikono ya sweta akaifunga fundo.

"Hata Ailbhe ana gari," akasema, akatoka.

Alilipita lile gari kwenye maegesho: dogo, jekundu, nyuma viti viwili vya watoto vimejaa makombo ya biskuti, mbele mfuko wa nepi. Humo ndimo Ailbhe alimrudisha Attracta kilimani, fidla mapajani na magoti kidevuni. Na Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na nyingine. Aliwahi kumwambia padri kwamba mgongo unamuuma. Malachy alisikia. Hakupita kilimani tena.

Jioni ile Concepta alikuwa mlangoni kabla gari halijazima.

"Wamekufukuza?"

"Nina kigoda."

"Kiko wapi?"

"Mlangoni pa choo. Wamekisogeza ndani kidogo."

Concepta akaichukua konsatina, akaifungua kwenye sweta, akaigeuza huku na huku kama anayekagua mtoto aliyerudi matembezini. Akaipiga, yeye mwenyewe, sauti sita saba za wimbo ambao Malachy hakuujua, haraka, bila kukosa hata moja, mara ya kwanza mbele ya mtu tangu alipoacha. Kisha akamrudishia.

"Huo ndio wa pili," akasema. "Kanawe."