Mstari Niliomnyima Mwadi

Sisi tuliosoma Musonoi, mtaa wa wachimba shaba, wakati simu ilikuwa kitu cha ofisini, tulijua kugombania chaki. Leo ukimwambia kijana hivyo anakutazama kama mgonjwa. Lakini mwalimu wetu wa kemia, tuliyemwita Prof, alikuwa na desturi yake: aliyeongoza kwenye jaribio alitumwa kwa darasa la chini yetu akafundishe somo lile lile, saa nzima, chaki mkononi. Niliitaka chaki ile kuliko bukari, ugali wetu, na samaki, nami nilikuwa mlafi.

Mbele yangu kulikuwa na Mwadi tu. Kila muhula yeye wa kwanza, mimi wa pili. Mama yake aliuza vitumbua kwenye njia ya mashimoni, na Mwadi aliingia darasani akinukia mafuta, akaketi, akapata alama zote. Mama yangu aliniuliza, "Ule mutoto anakulaka nini chenye weye haukulake?" Nikamjibu: vitumbua. Nililala bila chakula.

Mwaka ule tulianza kile Prof alichokiita degré d'oxydation, namba inayoonyesha atomu imetoa au imepokea elektroni ngapi. Alitoa mfukoni jiwe la kijani, kama yale tuliyorushiana njiani, akasema shaba iliyomo ni chanya mbili. Halafu kanuni: hidrojeni chanya moja, oksijeni hasi mbili, jumla ya molekuli sifuri. Na ya mwisho: katika eau oxygénée, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, oksijeni ni hasi moja.

Siku hiyo Mwadi alikuwa nyumbani na malaria. Nilipompitia jioni alisema, "Uniandikie bitu bya leo, mi sina nguvu." Nikamwandikia kanuni zote, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Zote, isipokuwa ile ya mwisho.

Wiki iliyofuata, jaribio. Swali la kwanza: H₂O₂, yaani eau oxygénée. Nilitabasamu. La pili lilikuwa jiwe jekundu, Cu₂O. Shaba? Mtoto gani wa Musonoi asiyeijua shaba? Nikaandika chanya mbili bila kukokotoa, nikaweka kalamu chini.

Prof aliporudisha karatasi alimwita Mwadi ubaoni.

"Hii moins un, hasi moya, umeitoa wapi? Haukukuwa hapa siku ile."

"Hidrojeni iko mbili, Prof, kila moya plus un. Byote pamoja ni zero. Oksijeni nayo iko mbili. Basi kila moya itakuwa moins un, hata kama kanuni inakataa."

"Na shaba ya jiwe jekundu?"

"Plus un. Nilihesabu tu."

Mimi nilikuwa na kanuni zote, nami nikawa wa pili. Akipita karibu na dawati langu na chaki yake, Mwadi aliinama. "Bwana, mutu mwenye kuandika muzuri vile hasahaue musitari." Hakumwambia Prof, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Saa nzima nilimsikia ng'ambo ya ukuta akifundisha, na wadogo wakicheka.

Leo Mwadi ni mwalimu wa kemia hapa Kolwezi. Wanafunzi wanatoka hata Mutoshi kwa pikipiki kumfuata. Mimi nilienda chuo kikuu, sasa naandika makala ambazo mke wangu anaahidi kuzisoma. Binti yetu yuko darasani kwa Mwadi. Wenzake wanauliza simu, jibu linakuja, wote wanakuwa wa kwanza, na hakuna awezaye kuionea simu wivu. Nawasikitikia. Sisi tuliumwa tumbo kwa alama moja. Nilimweleza binti kwamba enzi zetu tulisoma kwa moyo.

"Aa, tata," akasema. "Madame Mwadi anasemaka mulikuwa munasoma kwa wivu."

Juzi nilimwambia alete daftari, nimfundishe mwenyewe somo la wiki, polepole, mpaka liingie. Alilileta kwa heshima. Somo lenyewe alikuwa ameshalielewa kwa Mwadi.