Maboksi ya kwaya yaliyokoroma

"Usiisingizie amplifaya," Monika anasema, kiganja chake juu ya boksi la spika. "Amplifaya ni ile ile ya Pasaka, Salu. Kilichobadilika ni haya maboksi yenu."

Ni asubuhi, nje ya karakana ya Milembe Masele mjini Bariadi, na hata "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, haijasemwa. Monika, mwenyekiti wa kwaya moja ya Nkololo, amerudisha maboksi mawili kwa bajaji. Besi ikiingia, yanakoroma. Juzi yalikoroma katikati ya wimbo wa kumzika mzee wa kanisa, na watu wakacheka mbele ya jeneza.

Salu, mdogo wake Milembe na msaidizi wake, anashikilia kwamba kwaya imezidisha sauti. Milembe anagonga ubavu wa boksi, anasikiliza, anagonga tena. Kisha anachukua bisibisi.

Mama huyu wa watoto watatu ameishi kwa kuunda maboksi ya spika kwa miaka kumi na miwili. Harusi za baada ya msimu wa pamba ndizo zinazolipa ada za shule. Masika hukaa hata wiki tatu bila oda.

"Spika ikiimba, boksi linyamaze," anaeleza huku akifungua skrubu. Ndiyo maana hutumia plaiwudi nene, hukaza mbao ndani kwa ndani, na hutandika pamba iliyochambuliwa ili mwangwi ufe humo humo. Boksi legevu, anasema, huanzisha wimbo wake lenyewe.

Spika inatoka. Chini ya kapeti jeusi ni chipbodi, ubao rahisi wa vumbi la mbao, tayari umevimba pembeni kwa unyevu. Ndani kumeshindiliwa pamba ghafi, na mbegu zilizochomoka zinachezacheza sakafuni mwa boksi.

"Hii pamba umeitoa wapi?"

"Ghalani kwa mama. Pamba si pamba, dada?"

Milembe anauliza iko wapi plaiwudi ya kwaya aliyomwachia Salu, yeye alipokwenda Maswa kuuguza mgonjwa. Salu anatazama kona ya karakana. Pale yamesimama maboksi mawili mapya ya plaiwudi, ya vyombo vyake vya muziki vya kukodisha. Anajitetea kwamba kwenye harusi watu wanasikiliza kweli kweli, ila watu wa kanisani hawajui besi.

"Kukoroma tunakujua," Monika anasema.

Milembe analigeuza boksi. Walipomwona ameshika msumeno, anakumbuka, wanaume walimwambia maboksi ya mwanamke yatapasuka siku ya kwanza. Ilichukua miaka makanisa kumwamini. "Nyuma ya boksi kuna jina langu. Likikoroma, nimekoroma mimi, tena msibani."

Alikuwa amepanga mwakani amwachie Salu karakana hii, yeye akafungue nyingine Nyalikungu, Maswa. Mpango huo, anasema bila kumtazama, umekufa leo.

Anayaburuta maboksi ya Salu hadi mlangoni. Anazing'oa spika zake, anazilaza mezani, na mahali pake anakaza za kwaya.

"Dada, Jumamosi nina harusi."

"Una maboksi mawili hapo," anamjibu, akionyesha ya chipbodi kwa bisibisi. "Kaa chini uchambue mbegu."

Anakaza skrubu ya mwisho, anashika boksi upande mmoja, Monika upande wa pili, na wanayapakia moja moja kwenye bajaji.