Wankyo na Wimbo wa Kuomba Maji

Ukimwita Wankyo Machage msanii, atakuuliza msanii wa nini, kisha ataendelea na kazi yake bila kusubiri jibu. Ana haki. Nimefahamiana na waigizaji wa miji mingi na lugha nyingi, wengine wa majumba yenye mapazia ya mahameli, wengine wa kupanda juu ya lori na kuanza. Sijakutana na mwingine aliyeifanya kazi yake vizuri mpaka akanyimwa sahani kwao.

Alianza katika kiwanda cha nguo, Musoma, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wakati huo sabuni ilikuwa ya foleni, na sukari ilizungumzwa kama ndugu aliyehamia mbali. Wafanyakazi walisokota na kufuma kutwa, kisha walirudi nyumbani wamevaa viraka, kwa sababu kitambaa kilikwenda kwingine. Lakini kiwanda, kama mashirika mengi ya umma, kilikuwa na kikundi cha utamaduni. Walikuwa na ngoma, kwaya na vichekesho, ila kilichowapa jina mkoa mzima ni maigizo ya nyimbo: hadithi nzima ikiimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, ngoma na litungu, kinubi cha kwao, zikiisindikiza. Wankyo alikuwa kwenye mashine za kusokota nyuzi. Walimchukua kwa sababu sauti yake ilisikika juu ya mashine.

Kiongozi wa kikundi, Florian, zamani alikuwa katekista na mwalimu wa kwaya, na alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: aliyekufa mbele ya watu lazima afufuke mbele ya watu hao hao. Sheria hiyo hakuitoa kanisani. Aliipata Rukuba.

Walikuwa wamevuka kwenda kisiwani kuwaigizia wavuvi wa kambini. Nathanieli, mpiga litungu wao, aliigiza mvuvi aliyezama, na akazama vizuri kupita kiasi. Asubuhi, wakati wa kuondoka, mwenye mtumbwi aliwapakia wote akamwacha yeye mchangani. Nathanieli alicheka, akajipiga kifua, akatoa ulimi. Mwenye mtumbwi hakucheka.

"Mimi sibebagi maiti ambayo haijaamshwa," alisema. "Jana nilikuona umekufa. Aliyekuamsha sijamwona."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakasema mwenzao ana hoja. Ikabidi watu wakusanywe upya, Nathanieli alale tena mchangani, kisha ainuke akiimba, aombe maji, anywe. Mwenye mtumbwi mwenyewe ndiye aliyempa kikombe, na ili kuhakikisha akayamalizia yale maji yaliyobaki. Ndipo wakavuka.

Tangu siku hiyo kila igizo lenye kifo lilimalizika hivyo. Marehemu anainuka, ngoma zinaanza taratibu, anaimba: *Niliyelala nimeamka, nani ana maji, anipe ninywe.* Mtu yeyote katika watazamaji anamletea kikombe. Aliyefufuka anakunywa nusu, aliyeleta anamaliza, na kijiji kizima kinaingia kucheza. Watu walikuwa wakisukumana kupeleka maji. Walipoigiza Butiama, kwao Wankyo, yeye akiwa bibi harusi aliyekufa kwa kipigo, mama yake mzazi ndiye aliyepasua umati na kikombe, akamalizia maji huku analia na kucheka pamoja.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Sukari ikarudi dukani, sabuni ikarudi, na mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota. Kiwanda, kilichokuwa kimekosa vipuri kwa miaka, kikakosa na wanunuzi. Watu wakapunguzwa idara kwa idara, na kikundi cha utamaduni ndicho kilichopunguzwa mwanzo, kwa maelezo kwamba nchi sasa inahitaji uzalishaji. Ngoma zao zilifungiwa stoo. Panya wakala ngozi. Ziwa nalo lilikuwa na mabwana wapya. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na waliokaa kando ya maji hayo tangu kuzaliwa wakauziwa mifupa na vichwa. Wankyo alikaanga mapanki hayo nje ya soko la Musoma. Alikuwa na wateja wake, wapakiaji na mafundi baiskeli, waliokula wakimwomba awaimbie kidogo.

Hapo ndipo Danford alipomkuta. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na kamera, mtayarishaji wa mradi mmoja wa kuelimisha watu juu ya UKIMWI, akitafuta mwanamke awezaye kuimba na kuigiza. Alitaka igizo la nyimbo lililogeuzwa kuwa sinema. Wankyo hakufikiri mara mbili. Alinyoa nywele. Wiki kadhaa alijinyima chakula mpaka mifupa ya mabega ikasimama. Wakampaka majivu midomoni. Aliimba akiwa mkekani, sauti ikipungua beti kwa beti, na mwishoni akakata roho katikati ya neno. Watu wa kamera waliinamisha vichwa. Kisha, kama alivyozoea, aliinuka, akaimba wimbo wa kuamka, na msichana mmoja wa jirani akamletea maji. Kamera ilipiga yote. Wankyo aliiona ikipiga.

Sinema ilipotolewa, ilikwisha pale alipokata roho.

Wankyo aliyajua hayo akiwa Bunda. Alikuwa amekwenda kununua mafuta ya kukaangia, na jana yake gari la sinema lilikuwa limesimama uwanjani. Akiwa stendi, benchi alilokalia lilibaki lake peke yake. Mzee mmoja mwenye kofia alimsogelea kwa umbali wa heshima, akampa pole.

"Ile ni sinema tu, baba," Wankyo alimwambia. "Mimi ni mzima."

"Ndiyo, mama. Wote wanasemaga hivyo."

Musoma wapakiaji wakaanza kula kwingine. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kwa sauti za upole, wakapita. Mapanki yakapoa kwenye karai. Alikwenda ofisini kwa mradi, na Danford akamkaribisha kwa soda na kumwambia kwamba watu wanalia mpaka Shinyanga. Wankyo aliuliza ulipo wimbo wake. Danford alimweleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini daktari anachoma sindano, kwamba wimbo ule ulivunja ujumbe.

"Dada yangu, marehemu akisimama kucheza ngoma, nani ataogopa?"

"Kumbe tulikuwa tunawatisha," Wankyo alisema. "Mimi nilidhani tunawafundisha."

Aliomba basi waweke hata picha yake moja mwishoni, amesimama, anakunywa maji. Danford akasema kanda zimekwisha kugawanywa mikoani. Akamwambia ajivunie. Nimewahi kukaa na wataalamu wa namna hii katika nchi zaidi ya moja. Wana magari mazuri, wana huruma ya kweli, na hawajawahi kulala hata usiku mmoja katika kijiji walichokitisha.

Mwaka huo huo mama yake akafariki. Wankyo alifika Butiama, akalia pale getini kama inavyopasa, kisha akafunga kanga kiunoni akaenda jikoni, maana binti wa marehemu ndiye anayesimamia chungu. Alishika mwiko. Gati, mke wa kaka yake, aliushika mwiko huo huo kwa juu.

"Wifi, wewe pumzika. Umesafiri."

"Nimetoka Musoma, wifi, sijatoka Ulaya."

"Pumzika tu," Gati alisema, na hakuuachia.

Wanawake wengine walitazama moto. Baadaye chakula kilipogawiwa, Wankyo aliletewa peke yake, katika sahani ya bati iliyotobolewa ukingoni na kufungwa uzi mwekundu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba uzi ule haukutafutwa kwa ajili yake. Ulikuwapo nyumbani siku zote. Nyuma ya jiko, kwenye gunia, alikuwa amekaa Miriamu, mjane wa mdogo wake, aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu na ugonjwa uliomuua mumewe. Sahani yake ilikuwa na uzi. Kikombe chake pia, kwenye mkono. Wankyo alimsalimia kwa mbali. Hakwenda kukaa naye. Aliniambia wazi kwamba wazo lake siku hiyo lilikuwa moja tu: mimi si wa upande ule.

Kabla ya kuanua matanga, gari la sinema likafika Butiama. Aliyewasha jenereta yake alikuwa Nathanieli, ambaye baada ya kiwanda kufungwa hakupata kazi nyingine. Wankyo alimfuata uwanjani wakati akifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo. Walizungumza kidogo. Alichomwomba ni kwamba sinema ikiisha asizime taa ya mashine.

Giza lilipoingia, watu walijaa. Gati alikuja, kaka yake alikuja, na wanawake wote wa jikoni walikuja. Wakamwona akikonda, akiimba, akikata roho. Wengine walijifunika nyuso. Kitambaa kikabaki cheupe kitupu, mwanga ukiendelea kuwaka, na Wankyo akaingia ndani ya mwanga huo akiwa amenenepa kama alivyo, na nywele zake kichwani, na kanga ya msiba kiunoni. Nathanieli akaanza kupiga dumu la mafuta kwa viganja.

*Niliyelala nimeamka, nani ana maji, anipe ninywe.*

Waliufahamu wimbo. Miaka kumi nyuma waliucheza uwanjani hapo hapo, na mtu mmoja hata akaitikia kwa kusahau, kisha akanyamaza. Wankyo aliimba ubeti wa pili. Alirudi kwenye wa kwanza. Ndoo ya maji iliyokuja na gari la mradi ilikuwa pale pale mbele ya miguu ya kaka yake, na kata ndani yake. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akatazama dumu. Alimtazama Gati. Aliendelea kuomba maji kwa sauti iliyokuwa imeshinda mashine za kiwanda kizima, na watu waliokula mapaja ya kuku kwenye harusi ya mama yake, watu waliombeba mgongoni, walikaa wakimtazama kama vile bado yuko kwenye kitambaa.

Kisha umati ukafunguka, na wala haukusukumwa. Ulijitenga wenyewe. Miriamu alikuwa anakuja polepole, ameshika ukuta wa hewa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine kikombe. Mwanga wa mashine ulionyesha uzi.

"Nilimchukia," Wankyo aliniambia. "Danford sikumchukia hivyo. Nilikuja pale kuwaonyesha kwamba kikombe kile si changu, na yeye ananiletea kikombe kile."

Watu wote walikuwa wanangoja. Akikataa, ataonekana mzima. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu Bunda. Nathanieli aliendelea kupiga dumu, pigo lile lile, wala hakumharakisha.

Alipokea kwa mikono miwili. Akanywa nusu. Akamrudishia Miriamu, na Miriamu akamaliza kama desturi ilivyo, akafuta mdomo kwa kanga. Kutoka nyuma mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kutosha: "Si mnaona? Basi ni kweli." Wankyo akaimba wimbo hadi mwisho wake, wakicheza wao wawili na mtu wa jenereta.

Kesho yake Gati alileta sahani mbili zenye uzi. Wankyo alimimina chakula chote katika moja, akaenda kukaa kwenye gunia nyuma ya jiko, na akala huko na Miriamu mpaka matanga yakaanuliwa.

Nilimkuta Musoma, kwenye karai lake, wateja wamerudi baadhi. Nilimuuliza kwa nini usiku ule, baada ya wimbo, hakusema tu mbele ya watu wake kwamba yeye ni mzima. Aliweka mwiko chini, akanitazama kwa hasira ambayo nilijua hainihusu, ingawa pengine ilinihusu.

"Ningewaambia nini?" alisema. "Kwamba walikosea mtu?"