Mama Mkwe wa Ndungu Mlangoni pa Mawakili

Zadock Were alikuwa mkaguzi wa wanyama, na katika miaka yote niliyomfahamu sikupata kumwona akimkasirikia kiumbe yeyote mwenye miguu minne. Hasira zake zote alikuwa ameiwekea baiskeli. Ilikuwa baiskeli nyeusi ya chama kilichomwajiri, nzito kama mlango wa kanisa, na kila alipopanda kilima cha kutoka Dagoretti mnyororo wake ulichopoka. Zadock alishuka, akaitazama kwa masikitiko ya mzazi aliyevunjwa moyo, kisha akaipiga teke. Wanafunzi wangu, waliokuwa wakimwona kupitia dirisha la shule yetu kando ya kilima, walisubiri teke hilo kama wanavyosubiri kengele ya mapumziko.

Alikuwa mtu wa Samia, mrefu, mpole, mwenye sauti ya mwimbaji wa kwaya. Mwajiri wake alikuwa Chama cha Huruma kwa Wanyama, chama kidogo cha mawakili, mahakimu wastaafu na madaktari wa mifugo. Chama kilimpa sare ya kaki, kofia, bakora fupi ya kubeba kwapani, na chumba kimoja kule Karen alimoishi na mkewe Philister na watoto wao. Kazi yake ilielezeka kwa sentensi moja: asimamishe mikokoteni ya punda kando ya barabara ya Ngong, aikague migongo ya punda hao, na akimkuta mtu anayemtesa mnyama wake, ampeleke mahakamani.

Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo Zadock hakuitekeleza hata mara moja. Hakuwa mvivu wala mwoga. Alikuwa amegundua njia yake mwenyewe.

Alipomkuta mtu akimchapa punda, hakupuliza filimbi. Aliegemeza baiskeli, akasalimia, akauliza habari za nyumbani na za mvua, na mwishowe akauliza kwa adabu, "Na mama yake mkeo, anaitwa nani?"

Mtu alijibu bila kufikiri, mwiko ukiwa umemtoka akilini. Ndivyo alivyojibu Ndungu, mchukuzi wa maji na makaa wa Riruta, siku Zadock alipomkuta akimfundisha punda wake kwa fimbo ya mti wa mkaratusi.

"Anaitwa Njambi. Kwani umemwona wapi?"

"Ninamwona hapa," akasema Zadock, akaweka mkono juu ya kichwa cha punda. Kisha akawageukia wapita njia waliokuwa wamekusanyika, maana Riruta watu hukusanyika hata kumtazama mtu anayefunga kamba za viatu, akatangaza kwa sauti ya kwaya: "Ndugu zangu, mmesikia. Kuanzia leo punda huyu ni Njambi, mama mkwe wa Ndungu. Anayemwona akipigwa, aulize kwa nini."

Hapo Ndungu alikuwa amekwisha. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa mama mkwe ni nani. Mwanamume hamkaribii ovyo, hapandishi sauti mbele yake, wala jina lake halitamki kinywani. Kesho yake Ndungu alipoinua fimbo, mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma sukuma wiki upande wa pili wa ua alipiga kelele, "Haya, njooni mwone! Ndungu anamtandika mama wa mkewe Wamucii!" Fundi wa viatu akaongeza, "Mahari hajamaliza, na viboko ameanza!" Fimbo ikarudi chini yenyewe. Kwa kuwa hakuweza kumwita punda kwa jina lake, wala kumtukana kama zamani, Ndungu alilazimika kusema, "Mama, tafadhali, tusogee kidogo." Tulizoea kusikia maombi hayo yakipita nje ya darasa kila asubuhi.

Hivyo ndivyo, mkokoteni baada ya mkokoteni, barabara yote ilivyojaa akina mama wakwe. Walipumzika kivulini mchana, walifunikwa magunia wakati wa baridi, nira zao zilivikwa matambara ili zisiwachune. Nao walinona.

Matata yalikuja mwaka wa hamsini na tisa, wakati maduka ya Adams Arcade yangali yananukia rangi mpya. Zadock alikuwa amesimama pale akikagua kwato, gari likasimama, akashuka Bwana Harcott, mwenyekiti wa chama, hakimu mstaafu mwenye nyusi nyingi kuliko nywele. Alizungumza Kiswahili cha mashambani, alichojifunza kwa kutoa amri.

"Were! Mwezi hii sisi iko na mkutano kubwa mjini. Mawakili yote. Habari ya kutumia sheria kulinda nyama."

"Vema sana, Bwana."

"Hapana vema. Wewe napeleka watu wangapi kortini?"

Zadock alivua kofia. "Bado, Bwana."

"Bado! Wengine nasema: mkaguzi bila kesi ni kama mbwa bila meno. Wao nataka ondoa kazi yako. Mkutano tapiga kura." Bwana Harcott hakuwa mtu mbaya, alishusha sauti. "Sikia. Wewe lete punda moja. Punda ya vidonda, mgongo mbaya kabisa. Wao taona na macho, tajua kazi yako iko na maana."

Zadock alirudi nyumbani akamweleza mkewe. Philister alisikiliza huku akipepeta mtama.

"Kwa hiyo," akasema, "ukimpata punda aliyeteswa, tunabaki. Ukimkosa, tunafunga mizigo na kurudi Samia."

"Ndivyo."

"Na wewe ndiye uliyewaponya wote."

"Ndivyo, mama watoto."

"Baba Lornah, wewe ungekuwa daktari tungekufa njaa."

Basi akaanza safari ya ajabu kuliko zote za utumishi wake: kumtafuta punda mgonjwa na kusikitika kila alipomkosa. Alipanda hadi Loresho, akashuka hadi Dagoretti, akazunguka Karen yote. Kila mgongo aliouinulia gunia ulikuwa laini kama mto wa kulalia. Wenye punda walimwonyesha kwa fahari. "Mtazame mama, Bwana Mkaguzi! Hata inzi hatui juu yake!" Zadock alipongeza kwa sauti ya msiba.

Ndungu, aliyekuwa sasa rafiki yake, alimpa shauri. "Tumpake maji ya kiazi chekundu mgongoni. Kwa mbali ni damu tupu."

"Niwadanganye mahakimu?"

"Si kuwadanganya. Ni kuwasaidia kuona."

Zadock alikataa. Lakini mkutano ulikuwa umefika, na mwenyekiti alikuwa ameagiza punda, hivyo alimwomba Ndungu wamlete Njambi kama alivyo. Huenda, alijiambia, mawakili wakaona neno katika mgongo mzima kama vile ambavyo wangaliona katika mgongo mbovu. Alilisema hilo mara nyingi njiani, pengine kwa kuwa hakuliamini.

Waliingia mjini asubuhi, Zadock mbele akiikokota baiskeli, Ndungu nyuma akimwongoza punda aliyepigwa brashi akang'aa. Ukumbi wa mkutano ulikuwa mtaa mmoja tu kutoka soko la mji. Ulikuwa na uwanja wa ndani wa majani, ambako vielelezo vingeonyeshwa, na hapakuwa na njia ya kuufikia ila mlango mkubwa wenye sakafu ya mawe iliyosuguliwa hadi ikawa kioo.

Njambi alifika kizingitini, akainamisha kichwa, akaona punda mwingine chini ya sakafu akimtazama. Akasimama. Alisimama kwa namna ambayo wenye punda wanaijua, ile ya kiumbe aliyehamia. Mwili wake mnene uliziba mlango wote.

Mawakili walianza kuwasili. Walikuja kwa suti na mikoba, wakasimama mstari nje ya mkutano wao wenyewe.

"Mama, tafadhali," Ndungu alinong'ona. "Watu wakubwa wanangoja. Mama, usituaibishe."

"Anazungumza na nani?" akauliza wakili mmoja wa Kihindi, mtu mcheshi mwenye miwani.

"Na mama yake mkewe," akajibu Zadock, jasho likimtoka.

"Ah," akasema wakili. "Wangu pia huziba mlango."

Bwana Harcott alijipenyeza mbele, uso umewiva. Muda ulikuwa umepita, na yeye ndiye aliyetakiwa kufungua mkutano wa kuwahurumia wanyama. "Were! Iko nini? Piga yeye!"

Mawakili wakageuza vichwa. Hata mwenyekiti mwenyewe alisikia alichokisema, akakohoa, akatazama viatu vyake.

Zadock aliichomoa bakora kwapani. Kabla ya siku ile ilikuwa haijamgusa mnyama yeyote. Alikiona chumba cha Karen, akamwona Philister akifunga mizigo, akawaona mawakili wakiinua mikono kupiga kura. Mkono wake ulipanda. Ndungu alifumba macho. Bakora ikabaki juu, na kilichotoka badala ya pigo kilikuwa sauti, sauti yote ya kwaya ya Samia ikapaa hadi sokoni:

"Njambi! Njambi wee! Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nani huyo ananiita?" ikajibu sauti ya kike kutoka upande wa soko.

Akatokea mama wa makamo, kitambaa kichwani, kikapu cha karoti mgongoni kikining'inia kwa ukanda wa paji la uso. Alikuwa akiuza mboga nje ya soko la mji, na jina lake alilitambua hata kwa mbali. Aliwatazama mawakili, akamtazama mwenye sare, mwishowe akamwona mkwewe, ambaye wakati huo alikuwa akijaribu kuingia chini ya tumbo la punda.

"Ndungu. Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama," likasema tumbo la punda.

"Nimesikia jina langu. Anayeitwa Njambi hapa ni nani?"

Ndungu alijifunika uso kwa kofia. Uongo ulimkimbia, na ukweli ukatoka bila nguo. "Mama, huyu ni… huyu ni wewe."

Wakili mwenye miwani alilazimika kuushika ukuta.

Njambi alikitua kikapu. Alimzunguka punda polepole, kama anayenunua. Alimpapasa mgongo, akamwangalia meno, akainua kwato moja baada ya nyingine. Zadock alimweleza kila kitu, kofia mkononi, tangu fimbo ya mkaratusi hadi kura inayongojwa ndani. Mama alimaliza mzunguko wake, akashika kiuno.

"Amenona," akasema.

"Ndiyo, Mama," likajibu tumbo.

"Hapigwi. Hatukanwi. Anaambiwa tafadhali."

"Kila siku, Mama."

"Na Wamucii wangu? Yeye anaambiwa nini?"

Ndungu aliivuta kofia ikamfunika hadi kidevu, na jibu hilo lilieleweka kwa mawakili wa mataifa yote.

"Basi nina neno nawe," akasema Njambi, "na kwa kuwa naona hapa pana mahakimu, nitalisemea humo ndani." Alichukua karoti kikapuni, akamwonyesha punda, akatangulia. Yule mnyama aliyekataa kumpisha mwenyekiti aliuvuka ule mlango nyuma ya mwenye jina lake, masikio mbele, asiitazame tena sakafu.

Katika uwanja wa ndani, Njambi alitoa malalamiko, Zadock akatafsiri. Alisema kuwa kwao mtu akipewa jina, mwenye jina huarifiwa na huletewa zawadi. Yeye amekuwa na wajina wake huko Riruta muda wote huu, na hakuletewa hata jogoo. Alidai kondoo dume mmoja. Hakudai jina lifutwe.

Bwana Harcott alitaka kuendelea na ajenda, lakini alikuwa amechelewa. Ukiwapa mawakili kesi ni kama kuwapa mbuzi shamba la mahindi. Mmoja alisimama akauliza kama kumpa punda jina la mtu ni kumvunjia heshima. Mwingine akajibu kuwa inategemea tabia ya punda. Yule mwenye miwani akaomba tabia ya punda ichunguzwe, na daktari wa mifugo akaapa kwamba hajaona mnyama mwenye mwenendo mwema kama huyu. Mtaalamu mmoja wa sheria za mila alieleza habari za wakwe tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana, na baada ya chakula akaendelea. Mwingine alitaka kujua, kwa dhati kabisa, kama desturi inayomzuia mtu kumpiga mnyama ni sheria ama si sheria, na hapo ndipo walipogombana kwelikweli. Njambi na mwenzake walikula karoti.

Chai ya jioni ilipoletwa, ndipo Bwana Harcott alipokumbuka kura. Alisimama, akagonga kijiko kwenye kikombe, akasema kwamba jambo lililosalia lilikuwa la kuondoa kazi ya mkaguzi, kwa sababu mkaguzi hajapata kuleta kesi.

"Bwana Mwenyekiti," akasema wakili mwenye miwani, "na hii tuliyoisikiliza tangu asubuhi ni nini?"

Wakacheka hadi vikombe vikatikisika, na hakuna aliyeinua mkono. Mwenyekiti alitazama huku na huku chini ya nyusi zake, akaketi. Baadaye, mlangoni, alimwambia Zadock, "Wewe kaa. Lakini hiyo maneno ya mlangoni… hiyo 'piga yeye'… wewe nasahau, ndiyo?"

"Nimesahau, Bwana," akasema Zadock. "Ila, Bwana, mama yake memsahib wako anaitwa nani?"

Bwana Harcott aliondoka upesi sana.

Ndungu alipeleka kondoo, na siku aliyompeleka aliandamana na Wamucii aliyevaa kitenge kipya. Majirani walianza kusikia maneno mapya nyumbani kwake. Fundi wa viatu aliapa kuwa alisikia "Wamucii, tafadhali" mara mbili kabla ya jua kuwaka.

Na Zadock alirudi kwenye barabara yake. Philister alikuwa amekwisha kutoa sufuria mzigoni. Alimngoja aiegemeze baiskeli ukutani, mnyororo ukiwa umechopoka kama kawaida, mguu wa mumewe ukijiandaa.

"Baba Lornah," akasema, mkono juu ya baiskeli, "mama yangu mimi anaitwa nani?"

Mguu ulisimama hewani. Mama yake Philister aliitwa Naliaka, na Zadock, kama wanaume wote wema wa kwao, hakulitamka jina hilo.

Tangu hapo wanafunzi wangu walisubiri teke dirishani wasilipate. Walichokiona ni mtu mrefu mwenye sare aliyeinama juu ya baiskeli katikati ya kilima, mikono imejaa mafuta, akisema kwa upole, "Mama, tafadhali."